Kuitafuta sauti ya ganuni kwenye kinanda

Kwenye taarab ya kisasa mpiga kinanda hubeba kazi za watu kadhaa. Anatakiwa awe fidla, awe kodiani, awe filimbi, na mwimbaji akinyamaza awe ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi zinazodonolewa kwa vidole. Hizo tatu za mwanzo utazikuta karibu kwenye kinanda chochote. Ganuni ndiyo tabu. Vinanda vingi vinavyouzwa madukani kwetu havina sauti hiyo, na wapigaji wengi huchukua gitaa lolote lililo karibu, wakalimwagia mwangwi, wakaendelea na shughuli.

Mimi napiga kwenye harusi, na ganuni ni ala ninayoipenda kuliko zote, kwa hiyo nimekaa nayo sana. Ninachowaambia wadogo zangu wanaoanza ni kwamba sikio huitambua ala kwa namna sauti yake inavyozaliwa na inavyokufa. Rangi ya sauti huja baadaye. Mafundi wa Roland walilijua hili walipotoa kinanda cha D-50 mwaka 1987. Kumbukumbu ya mashine ilikuwa ghali wakati ule, kwa hiyo walirekodi vipande vifupi tu vya mwanzo wa sauti za ala halisi, ule mguso wa kwanza, kisha sehemu iliyobaki ya sauti wakaiunda kwa mawimbi ya umeme. Msikilizaji akisikia mguso wa kweli, linalofuata hulipokea.

Basi kabla hujagusa kitufe, sikiliza ganuni yenyewe. Tafuta rekodi za klabu za taarab za Unguja, Culture Musical Club au Nadi Ikhwan Safaa, hii ya pili iliyoanza mwaka 1905, uchague mahali ganuni inapopiga peke yake. Fuata noti moja tu tangu inapoanza hadi inapoisha. Mpigaji amevaa kucha za kupigia kwenye vidole vyake vya shahada, kwa hiyo mwanzo ni mkali na wa ghafla. Kisha sauti inashuka haraka, haikai juu hata kidogo, lakini mkia wake unabaki hewani kwa sababu hakuna kitu kinachouzima uzi. Na kila noti ina nyuzi tatu zilizofungwa pamoja. Nyuzi hizo hazilingani sawasawa, na huo mtetemo mdogo baina yake ndio unaoifanya ganuni ilie vile.

Sasa chagua sauti ya kuanzia. Kwenye ile orodha ya sauti 128 za GM (General MIDI), yaani mpangilio wa pamoja wa sauti ambao vinanda vingi vinao, mimi huanza na namba 16, dalsima, kwa kuwa nayo ni ala ya nyuzi zinazogongwa. Namba 25, gitaa la nyuzi za nailoni, hufaa kuwekwa chini yake ili kuongeza mwili. Hapsikodi, kile kinanda cha kizamani cha nyuzi zinazodonolewa, siipendi kwa kazi hii. Ukiachia kidole inakatika, na mkia wote wa ganuni unapotea.

Ingia sehemu ya kuhariri sauti. Ataki, yaani muda wa sauti kupanda, ishushe hadi chini kabisa. Dikei, muda wa kushuka, iwe fupi lakini usiikabe. Sasteni, kile kiwango ambacho sauti hubaki ukiendelea kubonyeza, iwe sifuri. Hapa ndipo wengi wanapokwama: sauti ikibaki juu hata kidogo, umeshapata kinanda cha kanisani. Rilisi, muda wa sauti kufa baada ya kuachia kidole, ndiyo ya kuipa muda wako. Iongeze kidogo kidogo huku ukipiga mteremko wa noti nane kwa kasi ya wimbo wenu, na usimame pale noti zinapoanza kusongana. Wimbo wa polepole utataka mkia mrefu, wimbo wa kuchezeka mfupi, kwa hiyo ni halali kuwa na ganuni mbili.

Kisha zile nyuzi tatu. Kinanda chenye sehemu tatu za mkono wa kulia, yaani kinachoweza kutoa sauti tatu kwa bonyezo moja, kama PSR-SX900 ya Yamaha, kinakuruhusu kuzipanga zote: moja iache ilivyo, ya pili ipandishe kama senti 4, ya tatu ishushe senti 4. Senti 100 ni nusu toni, kwa hiyo tofauti hii ni ndogo sana, sikio huisikia kama uhai tu. Ukizidisha inakuwa kinanda kilichokosewa kutuniwa. Kumbuka pia kwamba kila noti sasa inakula nafasi tatu. Kinanda cha sauti 64 kwa wakati mmoja kinabakiwa na noti 21 hivi, na kama midundo inapiga pamoja nawe, nyingine zitakatwa katikati. Tumia sehemu mbili ukiona hivyo.

Filta, ile inayopunguza ung'avu wa sauti, iunganishe na nguvu ya kidole, ukipiga kwa nguvu ifunguke, ukipiga kwa upole ijifunge. Bila hilo, ganuni yako itasema neno moja usiku kucha.

Halafu mizani, yaani mpangilio wa noti. Rasti, mojawapo ya maqam za Kiarabu, ikianzia do, mi na si hushuka kama robo toni, yaani senti 50 chini ya pale kinanda kinapoziweka. Vinanda vya Korg vya mfululizo wa Pa, na hiyo SX900, vina sehemu ya kushusha kila noti peke yake. Anza na 50, kisha kaa na mwimbaji wenu umsikilize. Wengine mi yao iko juu kidogo ya hapo, na mwimbaji ndiye wa kufuatwa. Ila kodiani ikiwa jukwaani, robo toni izime: kodiani ya kawaida imefungwa kwenye mizani ya kizungu na haiwezi kukufuata, mtagombana mbele za watu. Mimi huweka vitufe viwili vya kumbukumbu, kimoja chenye robo, kingine bila.

Mwangwi weka kidogo. Ukumbi una wa kwake.

Hifadhi kila hatua, si mwishoni. Sauti uliyohariri hupotea ukichagua sauti nyingine, na umeme ukikatika inapotea vilevile. Ipe jina fupi utakalolitambua gizani, na nakili kwenye fleshi ambayo haiazimwi na mtu.

Jaribu kila kitu kwenye spika kubwa pamoja na wenzako. Ganuni iliyo tamu kwenye hedifoni mara nyingi humezwa na gitaa la besi. Punguza sauti nzito za chini ya hezi 200, ongeza ung'avu kidogo, na usiongeze sauti kabla hujafanya hayo mawili. Kama kinanda chako ni kidogo na hakina pa kuhariri lolote, bado unaweza kuweka dalsima juu ya gitaa la nailoni, dalsima ikiwa ndiyo yenye sauti kubwa, na kile kitufe kilichoandikwa sasteni, ambacho si ile sasteni ya juu bali hurefusha mkia, ukiwashe. Halafu mkono wako ufanye kazi iliyobaki: noti ndefu usiishikilie, irudie harakaraka kwa vidole viwili kama mpiga ganuni anavyofanya.