Jibu: Mbona sokwe wa Gombe hawageuki watu?

Habari ndugu. Unauliza: kama tulitokana na sokwe, mbona wa hifadhi ya Gombe, Kigoma, wamebaki sokwe? Kagua kwanza hilo neno "tulitokana". Sokwe si babu yetu, ni binamu. Vinasaba vyetu vinafanana kwa takriban asilimia 98 kwa sababu tuna babu mmoja, wa mamilioni ya miaka iliyopita.

Mimi nilielewa pale Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam, mbele ya Zinjanthropus, fuvu la kale la jamaa wa binadamu, alilolipata mtafiti Mary Leakey kwenye Bonde la Olduvai mwaka 1959. Tazama magego yalivyo mapana! Utosini kuna ukingo wa mfupa, ndipo misuli ya taya ilipojishikiza. Naye ni tawi jingine la ukoo wetu, lililokatika. Nenda ukamwone, tafadhali.