Nasomesha Duha, moyo umekauka

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nasomesha madrasa hapa Tanga. Miezi mitatu iliyopita nilimzika mwanangu wa miezi saba. Tangu hapo nikikaa juu ya mswala ulimi unasoma, moyo haupo. Juzi watoto walipofika, katika sura ya Duha, “Mola wako hakukuacha wala hakukuchukia,” nilijifanya naenda kuchota maji, nikalia jikoni. Usiku silali. Nahisi Mungu amenikasirikia, halafu naogopa dhambi ya kuhisi hivyo. Mama mkwe anasema imani imenipungua. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Mama mkwe naye kafiwa na mjukuu, pengine hajui pa kuutua uchungu wake. Lakini hilo alilosema silikubali. Mtume (s.a.w.) alipofiwa na Ibrahim, mtoto hata ziwa hajaacha, alilia mbele za watu, na watu waliposhangaa akasema machozi hayo ni rehema. Imam Ghazali je? Mwaka 1095, mwalimu mkubwa wa Baghdad, ulimi ulimfunga darasani, hata chakula kikawa hakipiti kooni. Matabibu wakasema maradhi yameanzia moyoni.

Miaka yangu ya unesi niliwaona wengi wa namna yako, na karibu wote walificha. Mwaka 2001 mwanasaikolojia Kenneth Pargament na wenzake, huko Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa wazee karibu 600: waliojiona wametupwa na Mungu walikuwa na hatari zaidi ya kufa ndani ya miaka miwili. Sikutishi, wewe si mzee wala hujalazwa. Nakwambia tu jambo hili lina uzito mwilini, wasikupoze kwa “subiri tu.”

Kwa hiyo nenda hospitali ukaseme hivi hivi: silali, nimefiwa. Ukianza kuona heri ungekufa, usingoje kesho, na usiende peke yako. Kisha mtafute ukhti mmoja asiye na haraka ya kukupa mawaidha, umwambie yote, hata la hasira.

Mimi nilipofiwa na mume, dua ndefu zilinishinda kabisa. Alfajiri, mikono ina unga wa maandazi, nilisema “Ya Rabbi, nimechoka,” basi. Miezi mingi ilikuwa hiyo tu.

Na Duha, kumbuka, iliteremka baada ya wahyi, yaani ufunuo wa Mungu, kukatika na Mtume kuhuzunika. Kwa sasa mwachie mwalimu mwenzako awasomeshe. Wewe chukua wale wadogo wa alifu na bee.