Vipande mnavyo kibao, wimbo hamna: jibu kwa vijana wa Kasulu

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili ndiyo nikakuelewa. Mko wanne hapo Kasulu, mnapenda metali ya progresivu, ile roki nzito yenye nyimbo ndefu na mapigo ya kuhesabu, simu zenu zimejaa vipande vya gitaa, ila kila mkikaa kuviunganisha inatoka kama redio inayobadilishwa stesheni. Mkaenda studio ya mtaani, mkarudi na rekodi ambayo gitaa na besi havitofautishiki, na prodyuza akawaambia mkate wimbo ubaki dakika 3. Unauliza bendi kubwa kama Dream Theater, Meshuggah na Tool wanafanyaje, na kama inawezekana huku kwetu.

Mimi napiga besi kwenye bendi hapa Kigoma mjini, mazoezi tunafanyia Mwanga, nyuma ya duka la mjomba wa mpiga drams wetu. Jina hatuna. Ukimwambia mtu wa hapa unapiga metali anakuuliza mageti mnachomelea wapi. Lakini tumeshatunga na kurekodi wenyewe, kwa hiyo nitakwambia ninachokijua kwa mikono.

Tuanze na huyo prodyuza. Kwamba redio zinataka dakika 3, hapo yuko sawa. Ila kusema watu wetu hawana subira ya wimbo mrefu, hapana. "Mario" ya Franco wa Kongo na bendi yake TPOK Jazz, ya mwaka 1985, inapita dakika 10, na wazee wetu waliicheza mpaka mwisho bila kuangalia saa. Inaanza taratibu, maneno yanakwenda, halafu sebene, ile sehemu ya magitaa ya kuchezea, linafunguka na magitaa yanagawana kazi: solo huku, mi-solo katikati, rithim chini, kila moja na kipande chake kidogo kinachojirudia, ukikitoa kimoja unasikia pengo. Sisi wa mkoa huu tumekua tukisikia muziki wa ng'ambo ya ziwa kila siku, sikio letu limeshazoea magitaa matatu kuongea kwa wakati mmoja. Progresivu imeongeza ukali na hesabu ya mapigo, lakini kazi ya kumshika msikilizaji dakika 10 ni ileile.

Na sebene haliletwi na vipande thelathini. Linaletwa na vichache vinavyogeuzwa polepole. Hapo ndipo mlipokwama nyie, na nahisi sababu naijua: kila kipande kina mwenyewe, na kila mwenyewe anataka chake kiingie. Matokeo yake wimbo unakuwa kikao cha maridhiano.

Fanyeni hivi. Chagueni kipande kimoja tu, yaani rifu moja, iliyo fupi na ambayo mtu anaweza kuiimba kwa mdomo. Nyingine zote ziacheni kwenye simu, hazitaoza. Halafu hiyo moja izae wimbo mzima. Nakupa mfano wetu kwa nota za solfa, maana najua angalau mmoja wenu amepita kwaya:

d d s | d d | m d

Mapigo madogo saba, yamegawanyika tatu, mbili, mbili. Ndiyo rifu yote. Mwanzo wa wimbo magitaa mawili yanaipiga hivyohivyo. Ubeti wa kwanza gitaa zinanyamaza, besi peke yake inaipiga kwa nusu ya mwendo, kila noti ikivutwa mara mbili. Kiitikio kinatumia noti zilezile, do, so na mi, zikipigwa pamoja kama kodi ndefu zinazoning'inia. Katikati tumetoa noti ya mwisho, ikabaki mapigo sita, na ghafla drams zinaingia kwenye mdundo wa ngoma, mtu anaanza kutikisa bega bila kujua imetoka wapi. Mwishoni tunaipiga kinyumenyume. Msikilizaji anadhani ana sehemu tano tofauti, lakini hachoki wala hapotei, kwa sababu sikio lake linamjua mama wa hao watoto wote.

Wakubwa nao wanafanya kazi hiyohiyo kwa upana zaidi. Dream Theater, waliokutana wakiwa wanafunzi wa chuo cha muziki cha Berklee, Boston, mwaka 1985, wana utunzi wa dakika 23 unaoitwa "A Change of Seasons". Umegawanywa sehemu 7, na melodi za mwanzo zinarudi mwishoni. Waliutunga mwaka 1989, wakawa wanaupiga jukwaani, ukaja kutoka kwenye rekodi mwaka 1995. Utunzi ule umekaa mikononi mwao miaka kadhaa kabla ya kufungwa. Binafsi siwapendi sana wanapoanza mashindano ya kasi kati ya gitaa na kinanda, ila kwenye ramani ya wimbo mrefu wale ni walimu.

Sasa hesabu, ambayo naona ndiyo inawatisha. Meshuggah, wale Waswidi wa Umeå, mtu akiwasikia anasema wanapiga kitu kisichohesabika. Mara nyingi kinahesabika vizuri tu. Mkono wa matuazi unashika nne za kawaida, zile ambazo hata mtoto anaweza kupiga makofi. Chini yake gitaa na kiki, ile drams kubwa ya mguu, vinarudia kipande chenye urefu usiolingana na hizo nne. Chukua rifu yetu ya mapigo madogo 7. Kipimo kimoja cha nne kina mapigo madogo 16, kwa hiyo vipimo vinne ni 64. Rifu ya 7 ukiirudia mara 9 unapata 63. Linabaki pigo moja. Hilo unalijaza na noti moja nzito, au unalikata na ukimya, kisha kila mtu anaanza upya kwenye moja. Katika vipimo hivyo vinne rifu imeteleza, kila mara inaanzia mahali tofauti na matuazi, na pale mnapokutana tena ukumbi mzima unashusha kichwa pamoja. Hakuna uchawi hapo. Ni kuzidisha na kutoa, halafu mazoezi ya kuchosha: mpiga drams apige nne kwa tuazi huku mguu wake unafuata gitaa. Wa kwetu alikuwa anafanyia kwenye meza ya mama ntilie, vijiko juu, kiatu chini, hadi akakatazwa.

Onyo moja. Msitunge kwa kuanza na namba. Bendi nyingi za vijana zinasema "tufanye kitu cha 11", zinapata zoezi la hesabu na gitaa. Imba kwanza, ndiyo uhesabu ulichoimba.

Kwenye kurekodi, hapa ndipo nitachukua nafasi, maana ndipo mlipoliwa hela.

Kosa la ile studio ni kuwarekodi kama anavyorekodi Bongo Fleva: biti ipo, wengine mnawekwa juu. Kwenye muziki huu kurekodi ni sehemu ya kutunga, demo, yaani rekodi ya majaribio, inaanza siku ileile rifu inapozaliwa. Wekeni kliki, ule mlio wa kompyuta unaohesabu mapigo, mwendo uandikwe kabisa, wetu ni 132 kwa dakika, na ubeti unashuka 124. Mtu mmoja anarekodi gitaa la mwongozo kutoka mwanzo hadi mwisho, baya tu, la kuonyesha njia. Hapo ndipo mtagundua sehemu ya pili ni ndefu mno, mapema, kabla hamjalipa mtu. Misha Mansoor, mpiga gitaa wa bendi ya Periphery, alikuwa anarekodi nyumbani na kuweka vipande vyake mtandaoni kwa jina la Bulb miaka kadhaa kabla bendi haijatoa albamu ya kwanza mwaka 2010. Huyohuyo ndiye aliyepanga drams za kompyuta kwenye albamu ya kwanza ya Animals as Leaders, 2009, ya Tosin Abasi, yule Mmarekani ambaye wazazi wake ni Wanigeria. Kwa hiyo asije mtu akakwambia bila chumba cha mamilioni haiwezekani.

Vifaa: laptop, kadi ya sauti yenye matundu mawili inayokula umeme wa USB, na Reaper, programu ya kurekodi, ambayo unaijaribu siku 60 bure na leseni yake ya punguzo ni dola 60. Gitaa mnalichomeka moja kwa moja bila spika, na mlio wa ampu mnaupata ndani ya kompyuta. Neural Amp Modeler ni ya bure na ni nzuri kuliko ampu tuliyokuwa tunaazima. Faida yake huku kwetu unaijua: umeme ukikatika, laptop ina betri, mnaendelea. Na mvua ikishuka juu ya bati, gitaa haliisikii.

Drams ndiyo kisiki. Kurekodi drams halisi kunataka maikrofoni nyingi na chumba kinachoeleweka. Msilazimishe. Mwaka 2005 Meshuggah walitoa albamu nzima, "Catch Thirtythree", yenye drams zilizopangwa kwenye kompyuta, wakati wana Tomas Haake, mmoja wa wapigaji wanaoheshimika kuliko wote kwenye muziki huu; sauti zilizotumika zilikuwa za drams zake mwenyewe. Kama wao hawakuona aibu, nyie mna aibu gani? Ila mpiga drams wenu ndiye akae kwenye kompyuta kuzipanga. Mpiga gitaa akizipanga, utasikia mtu mwenye mikono minne.

Baada ya drams, besi. Baada ya besi, magitaa ya rithim, na hapa ndipo rekodi yenu ilipoharibikia. Kipande kilekile kinapigwa mara mbili, kwa mkono, mara mbili kweli. Moja inapelekwa kushoto kabisa, nyingine kulia kabisa. Ukinakili ya kwanza na kuihamishia upande wa pili hupati upana wowote, unapata gitaa lilelile likiwa na kelele zaidi. Na mnapopiga mara mbili punguzeni ule mkwaruzo wa gitaa, uwe mdogo kuliko mnaoupenda mazoezini, kwa sababu mikwaruzo miwili ikijumlishwa inameza noti. Halafu gitaa likatwe sauti zote za chini ya hezi 80 hivi, au hata zaidi. Likisikika peke yake litakuwa jembamba, mtaanza kulalamika. Vumilieni. Huko chini ni kwa besi na kiki, na wakiachiwa nafasi yao gitaa lenyewe linaonekana nene. Nasema hivi kama mpiga besi, kwa hiyo nina maslahi, lakini jaribuni.

Tyuni kila baada ya kipande. Joto la mchana hapa linashusha nyuzi mkiwa katikati ya wimbo. Gitaa la nyuzi 7 au 8 hamlihitaji. John Petrucci, mpiga gitaa wa Dream Theater, alianza kulitumia la nyuzi 7 kwenye albamu ya 1994, Meshuggah wanatumia la nane, sawa, lakini la nyuzi 6 lenye nyuzi nene, likashushwa hadi do (noti ya C), linatosha kabisa.

Kwa sauti ya kuimba, trei za mayai ukutani ni urembo. Hazizuii sauti ya nje na mwangwi wa chini zinauacha ulivyo. Magodoro mawili yaliyosimamishwa pembeni na blanketi nyuma ya mwimbaji yanafanya kazi kuliko hizo. Sisi tunarekodi kuimba usiku, mashine ya kusaga ya jirani ikishazimwa.

Na maneno? Tool wana desturi ya ala kutangulia, mwimbaji wao Maynard James Keenan anakuja kuweka sauti juu ya kitu kilichokwishasimama. Igeni hiyo, msiige ile ya kukaa miaka 13 kati ya albamu ya 2006 na ya 2019. Kwa Kiswahili kuna jambo zuri zaidi ambalo wao hawana. Mshororo wa utenzi una mizani 8, rifu yetu ina mapigo 7. Chukua "ziwa limekaza macho". Ukianza kuimba pamoja na rifu, silabi moja kwa pigo moja, mkazo wa mwisho, ule "ma" wa "macho", unaangukia pigo la saba, na "cho" isiyo na nguvu inaangukia kwenye do ya kuanzia. Inasikika kama mtu amejikwaa. Anza pigo moja baada ya rifu kuanza, na "ma" inatua juu ya do barabara. Ukitaka itue hapo kila mshororo, nyamaza mapigo sita, kisha ingia na mshororo mwingine, yaani kila mshororo umekula rifu mbili. Ndivyo tunavyoimba beti. Kileleni tunaondoa ule ukimya, mishororo inafuatana bila pumzi, sauti inateleza juu ya rifu, na baada ya mishororo saba na rifu nane vyote vinarudi kwenye nafasi ya kuanzia. Kunguruma kuna nafasi yake pia, ila mkazo ukikaa pabaya hata ukinguruma utasikika.

Kuhusu kama mrudi studio ileile: rudini kama ana maikrofoni nzuri, lakini nendeni na drams, besi na magitaa yote mmeshayamaliza, kila moja na faili lake. Mlipieni saa za kuimba tu. Kumiksi mkitaka nitawasaidia, wekeni hapa gitaa la mwongozo na kliki yake, na mwandike mwendo.