Wino hai: unapogoma kutoka, na unapotoka ukamwagika

Wino hai ni jeli iliyochanganywa na seli, inayosukumwa kwa hewa kupitia sindano ili kujenga tishu tabaka juu ya tabaka. Maswali yaliyotufikia safari hii karibu yote yanahusu jinsi wino unavyotiririka.

Alginati yangu (jeli ya mwani wa kahawia) ya 2% inatoka vizuri, lakini nyuzi zinatandaa na matundu ya gridi yanaziba. Niongeze mnato?

Mnato peke yake hautakuokoa. Asali ni nzito, lakini ukiimwaga kwenye sahani itatandaa tu. Dawa ya meno hukaa pale ilipowekwa kwa sababu haianzi kutiririka mpaka isukumwe kupita kiwango fulani. Alginati tupu haina kiwango hicho, na ndiyo maana hata ukiipandisha hadi 4% bado italala, ila polepole zaidi.

Tunachopendelea ni alginati 3% na methiliselulosi 9%, unga wa selulosi unaoupa wino uzito. Koroga unga wa methiliselulosi ndani ya alginati iliyokwisha kuyeyuka, uache uvimbe saa 2, ndipo utie seli. Ukishachapa, loweka kwenye kloridi ya kalsiamu ya milimola 100 kwa dakika 10, ili kalsiamu iifunge alginati iwe jeli imara. Methiliselulosi haifungwi na kalsiamu, kwa hiyo itachujuka taratibu baadaye. Usisuuze kwa bafa ya fosfeti: fosfeti hunyakua kalsiamu na jeli hulegea.

Njia ya pili ni kuifunga alginati nusunusu kwa kalsiamu kidogo kabla ya kuchapa, ukichanganya kwa mabomba mawili ya sindano yaliyounganishwa. Hapa wengi huzidisha. Sukuma wino hewani uangalie: ukining'inia kama tone, bado ni mlegevu, ukitoka uzi laini unaorefuka bila kukatika, chapa, ukitoka na mabonge kama uji uliokorogwa vibaya, umeganda kupita kiasi. Huo hautengenezeki, utupe.

Nimehama kutoka sindano ya geji 22 kwenda geji 27 na wino umegoma. Nikipandisha presha, je, seli zitakufa?

Namba ya geji ikipanda, sindano huwa nyembamba zaidi: kipenyo cha ndani kimeshuka kutoka takriban milimita 0.41 hadi 0.21, yaani nusu. Kwa presha ileile, kiowevu kama maji kingepungua mtiririko mara 16. Wino unaolegea unaposukumwa, wenye kipeo cha mtiririko cha 0.5 (1 ni kama maji; kikishuka, wino hulegea zaidi ukisukumwa), hupungua mara 32. Si ajabu umegoma.

Lakini uzi mwembamba unahitaji wino kidogo. Ukibaki na mwendo uleule wa uzi, presha inapanda takriban mara 2.8: palipotosha kilopaskali (kPa) 30, weka kama 85. Mkazo kwenye ukuta wa sindano ni presha mara nusu-kipenyo, gawanya kwa urefu mara mbili. Kwa sindano ya milimita 12.7, mkazo umetoka paskali 240 hadi 350 hivi. Kwa seli nyingi hatari kubwa huanza kwenye maelfu ya paskali, kwa hiyo usiogope. Ncha ya plastiki yenye umbo la koni itakupunguzia presha zaidi.

Seli zikifa hata hivyo, usikimbilie kulaumu sindano. Pima uhai wake mara tatu: kabla ya kuchanganya, baada ya kuchanganya bila kuchapa, na baada ya kuchapa. Mara nyingi hasara huonekana kwenye kipimo cha pili, kwa sababu wino mzito ulikorogwa kwa nguvu.

GelMA (jelatini iliyobadilishwa kikemikali) ya 10% inachapika vizuri mwanzoni, baada ya saa moja nyuzi zinakatika. Joto sijaligusa.

Joto hujaligusa, lakini jelatini huendelea kuganda hata kipimajoto kikisimama palepale. Irudishe kwenye nyuzi joto 37 za Selsiasi mpaka iyeyuke yote, iweke kwenye joto la kuchapia, tuseme 22, na usubiri muda uleule kila mara, dakika 20 kwa mfano. Katikati ya bomba hupoa mwisho. Sindano iliyo wazi nayo hufuata joto la chumba: kiyoyozi kikiipuliza, wino hugandia mlemle.

Mwani wa Zanzibar unaweza kutoa alginati?

Unaolimwa, hapana. Alginati hutoka kwenye mwani wa kahawia. Unaolimwa Paje na Jambiani ni mwekundu, na hutoa karajinani. Karajinani aina ya kapa hugandishwa na potasiamu, na yenyewe hutumika kuupa wino uzito.

Nimepata nafasi ya siku moja kwenye reomita, kifaa cha kupima mtiririko. Nipime nini?

Vipimo vitatu, ukiwa na wino uliokwisha kutiwa seli: mililita 0.1 ya seli katika mililita 1 ya wino wa 4% inaushusha hadi 3.6%. Kwanza, mnato kutoka kasi ya mkato (kasi ambayo tabaka za wino huteleza juu ya nyingine) 0.1 hadi 1000 kwa sekunde. Pili, mkazo unaoanzisha mtiririko. Tatu, na hiki usikiruke, urejeaji: kasi ndogo, kisha kubwa, kisha ndogo tena. Kasi kubwa ichague kwa kuzidisha mwendo wa uzi mara 4 na kugawanya kwa nusu-kipenyo. Milimita 10 kwa sekunde kwenye geji 27 ni karibu 380. Wino unaochukua dakika nzima kurudisha mnato wake utakuwa umeshatandaa kabla tabaka la pili halijafika.