Kabla hujanunua bando la mwezi, pima mtandao pale unapolala

Mbukwenyi jamani. Leo naongelea mitandao ya simu maana nimechoka kuona watu wanaponzwa na mabango. Mi ni wakala wa pesa huku Nzuguni, Dodoma, mezani kwangu kuna laini za mitandao karibu yote na kutwa nzima kazi yangu ni kuangalia ipi leo imeamka vizuri na ipi imenuna, kwahiyo haya sijayasoma kwenye tangazo.

Kwanza elewa ile asilimia ambayo kampuni za simu zinajisifia kwamba mtandao wao umeifikia. Mara nyingi inahesabu watu wanaoishi palipo na mawimbi, haihesabu ardhi. Nchi hii ina zaidi ya kilomita za mraba 900,000 na watu wengi tumebanana mijini na kandokando ya lami, sasa kampuni inaweza kufunika watu kibao halafu ukiiacha lami ya Kondoa ukaingia ndani kidogo tu simu inabaki kuwa tochi. Kihesabu haijadanganya. Ila we huishi kwenye hesabu, unaishi Mpunguzi.

Na mjini nako usijidanganye, Dodoma ina vilima vya mawe kila upande na mawimbi ya masafa ya juu, hasa hiyo 5G iliyoanza kuwashwa nchini 2022, hayapiti vizuri kwenye mwamba wala kwenye ukuta mnene. Jirani yako ana mtandao wa kufa mtu, we nyumba ya nyuma unahangaika kutafuta kona.

Ndo maana nasema usinunue rauta wala bando la mwezi kabla hujaazima laini ya mtu ukaipima chumbani kwako, na uipime saa mbili usiku sio saa nne asubuhi. Vile vijiti vya juu vinaonyesha nguvu ya mawimbi tu, havionyeshi foleni. Mnara mmoja mnagawana wote, huku kwetu asubuhi video inafunguka fasta, jioni mabasi yakishashusha watu stendi na kila mtu karudi kwake inazunguka weee mpaka unaifunga. Kama una Android ingia kwenye mipangilio, kuhusu simu, hali ya laini, utakuta namba yenye alama ya kutoa na dBm mbele yake, hicho ni kipimo cha nguvu ya mawimbi. Ikiwa -80 au -90 uko vizuri, ikifika -115 hapo ni kubahatisha. Tembea nayo nyumba nzima, utashangaa dirishani na kitandani ni nchi mbili tofauti.

Sasa kwenye pesa ndo watu wanaumia. Juzi kaja babu mmoja wa Hombolo, shikamoo, marahaba mjukuu wangu, anataka kutoa hela aliyotumiwa na mwanae. Kaweka namba ya wakala, kiasi, namba ya siri, simu inaandika tatizo la muunganisho. Babu anataka kurudia hapohapo na foleni nyuma inanung'unika. Nikamwambia babu subiri, tuangalie salio kwanza. Salio limeshapungua! Hela imeingia kwangu ila meseji ndo imekwama njiani, angerudia angetoa mara mbili na kugombana ingekuwa mimi na yeye. Kwahiyo mtandao ukikata katikati ya muamala usirudie, angalia salio. Na kama 4G inayumba, badili simu isome 3G au 2G tu, menyu za pesa hazihitaji intaneti.

Umeme nao usiusahau, ukikatika muda mrefu na betri za mnara zikaisha, kama hauna jenereta nao unalala. Weka laini ya pili ya kampuni nyingine hata kama huiongezei vocha kila siku.

Ukiona mtandao wako haueleweki kabisa, tangu 2017 unaruhusiwa kuhama na namba yako ileile, nenda kwa kampuni unayoitaka na kitambulisho cha NIDA. Ila pima kwanza, usije ukaruka majivu ukakanyaga moto.

Na lalamika, tena vizuri. Kuna kijiji hakina mnara kabisa, hao wamsumbue diwani na mbunge wao wapeleke kwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, 2023 hapahapa Dodoma palisainiwa mikataba ya minara 758 ya vijijini sehemu mbalimbali nchini. We wa mjini anza na huduma kwa wateja, usiseme tu mtandao mbovu, taja mtaa, saa na kinachogoma, kupiga au intaneti. Wakikupiga chenga nenda TCRA, ile mamlaka inayosimamia mawasiliano, watakuuliza kama ulianza na kampuni. Ile namba ya malalamiko wanayokupa iandike kwenye karatasi, maana ukipiga tena anapokea mwingine na anaanza upya kabisa kukuuliza kama umejaribu kuzima simu na kuwasha.