Presha ndogo ya maji nyumba ya zamani: nibadilishe mabomba au ninunue pampu?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nyumba yetu iko Area C, Dodoma. Marehemu baba aliijenga miaka ya 1980 na bomba zake zote ni za chuma, nusu inchi. Siku ya mgao jirani anajaza simtanki mapema, sisi jikoni ndoo ya lita 20 inachukua karibu dakika sita. Ukifungua koki maji yanatoka kwa nguvu kidogo tu, halafu yanalegea yanakuwa uzi. Mmoja akiosha vyombo, aliyeko bafuni anabaki na sabuni mwilini. Asubuhi maji ya kwanza ni ya kahawia. Fundi mmoja ameniambia nifumue bomba zote, mwingine anasema ninunue pampu niifunge baada ya mita, yaishe. Hela ya kufanya yote mawili sina. Nimsikilize nani?

JIBU: Nzuri dada, na pole kwa adha. Pampu iweke kando kwanza. Mwenyewe umeshautaja ugonjwa pale uliposema maji yanatoka kwa nguvu halafu yanalegea. Koki zote zikiwa zimefungwa, maji yamesimama, na maji yaliyosimama hayajali bomba ni pana au limeziba. Presha ya jikoni inakuwa sawa na ya kwenye mita. Ukifungua, unapata nguvu hiyo kwa sekunde chache, kisha maji yanaanza kutembea na njia nyembamba inayabana. Ndiyo maana fundi anaweza kufunga geji ya kupimia presha kwenye koki ya jikoni, akakuonyesha presha safi, na akaondoka na hela yako. Mwambie afungue koki ya bafuni huku mnaitazama geji. Mshale ukianguka sana, njia ya maji imebana mahali.

Hata hivyo, usiruhusu tindo ukutani kabla ya kupima kwa ndoo. Siku ya mgao, saa ileile, jaza ndoo kwenye koki iliyo karibu na mita, kisha jaza jikoni. Koki nzuri ya nusu inchi inajaza lita 20 kwa dakika moja na nusu hadi mbili. Kwenye mita ikiwa hivyo na jikoni dakika sita, kosa liko kwako. Zote mbili zikichelewa, tatizo linaanzia kabla ya mita, na huko ni kwa DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma. Toa taarifa, usiiguse mita. Angalia pia valvu iliyo baada ya mita. Geti valvu za zamani hukatika lango kwa ndani: unazungusha mkono, unadhani umefungua, kumbe lango limebaki chini. Shawa nayo ifungue uiloweke kwenye siki usiku kucha. Ni hela ndogo, na mara nyingine inamaliza nusu ya malalamiko.

Lakini kwa maji ya kahawia na umri wa nyumba hiyo, nadhani bomba zimekwisha. Bomba za chuma za wakati ule zina koti la zinki. Zinki ikiisha, chuma kinaota kutu, na mgao unazidisha, maana bomba linalojaa na kukauka huku likivuta hewa huoza haraka kuliko lenye maji wakati wote. Juu yake kuna chokaa. Maji yetu ya visima vya Mzakwe ni magumu, na kila mwenye birika la umeme hapa mjini anayajua yale magamba meupe. Ukitaka uhakika, fundi akate kipande kifupi karibu na sinki mkimulike na tochi. Nimeona nusu inchi ambazo tundu lililobaki ni la kupitisha penseli. Upana ukipungua kuwa nusu, maji yanayopita kwa presha ileile hayabaki nusu. Yanashuka hadi karibu moja ya sita.

Pampu kwenye bomba kama hilo itasukuma kutu, na sehemu zilizoliwa zitapasuka ndani ya ukuta. Tena pampu haifungwi kabisa kwenye laini inayotoka mitaani. Inamnyonya jirani, na panapovuja inavuta uchafu wa ardhini uingie kwenye maji ya watu. Pampu inanyonya kwenye tanki, basi.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapoliwa. Utaenda dukani kununua PPR, zile bomba za plastiki zinazounganishwa kwa moto, utaambiwa hii ndiyo nusu inchi. Ile ni milimita 20 kwa nje. Ukuta wake ni mnene, kwa hiyo njia ya maji kwenye ile nzito, iliyoandikwa PN20, ni milimita 13 na kidogo, wakati bomba la chuma la nusu inchi likiwa jipya lilikuwa na kama 16. Ukibadilisha nusu kwa nusu umenunua bomba jembamba kuliko alilofunga baba yako. Agiza hivi: kutoka kwenye mita hadi nyumbani, bomba jeusi la plastiki la HDPE la milimita 32, lifukiwe. Laini kuu ya ndani PPR ya 32, matawi ya kwenda bafuni na jikoni 25, na ile ya 20 iishie kwenye kipande cha mwisho kinacholisha koki moja.

Simama pia karibu na mashine ya kuunganishia. Kwa bomba la 20, moto wa nyuzi 260 kwa sekunde tano unatosha; la 25 ni saba, la 32 nane. Fundi anayepiga soga huku bomba likiwa kwenye mashine, plastiki inayeyuka na kujikunja ndani, na kila kiungo kinakuwa kizibo kidogo. Muombe akate kiungo kimoja cha majaribio muangalie ndani. Fundi mzuri hatakasirika.

Kuhusu hela: hakuna haja ya kufumua. Bomba za zamani ziache ukutani, zikatwe na kuzibwa. Mpya zipite nje, zifukiwe kando ya msingi, ziingie bafuni na jikoni kwa kutoboa ukuta mara moja. Marumaru zinabaki. Usiiache PPR wazi, jua la Dodoma litaifanya ikakamae na kupasuka. Ukifanya kwa awamu, anza kwenye mita uje ndani. Ukianza bafuni, maji bado yatapita kwenye bomba bovu kabla ya kufika kwenye bomba zuri. Kabla ya kufukia au kupiga plasta, laini ijazwe kwa pampu ya mkono ya kupimia na iachwe na presha saa kadhaa.

Ukija kuweka simtanki, urefu wa mnara usiuhesabu kutoka ardhini, uhesabu kutoka kwenye shawa. Mita moja inakupa presha ya bar 0.1 tu. Mnara wa mita tatu na shawa ya mita mbili, tanki likikaribia kuisha, ni hiyo 0.1. Hapo bomba pana ndilo linalokuokoa.

Jambo ambalo mafundi bomba husahau: kwenye nyumba za zamani waya wa ethi wa umeme wakati mwingine ulifungwa kwenye bomba la maji. Ukiweka plastiki, ethi imekatika na hakuna taa itakayozimika kukuambia. Mwite fundi umeme aangalie kabla bomba la chuma halijakatwa, hasa kama una heata ya shawa.

Siku ya kuyafungulia maji, vua shawa na vichujio vya midomo ya koki, uyaache yatiririke mpaka yawe meupe kabisa, ndipo uvirudishe.