Muulize Bibi Mwenyeji: Boma la Mikindani, majini wa ghorofani na baa za Waingereza

Safari hii barua karibu zote ni za mambo ya kulala ugenini katika majengo ya zamani. Sijui nani kawapulizia upepo huo, ila mmenigusa penyewe. Nimetandika vitanda vya watu na kukaa mapokezi hotelini ujana wangu wote, Lindi na Mtwara. Haya, tuanze.

Shikamoo Bibi. Tunaishi Ligula, Mtwara. Mwezi ujao mimi na mume wangu tunatimiza miaka kumi ya ndoa, nami nataka tukalale usiku mmoja kwenye hoteli ya Boma la Mikindani. Mume wangu anasema pale ni pa Wazungu, tutaonekana tumepotea njia. Tena anasema kulipia kitanda kilomita kumi kutoka nyumbani kwako ni wazimu. Nani mkweli? – Mama wa Ligula

Marahaba mwanangu. Hilo la hela siligusi, mfuko wa mumeo anaujua mwenyewe. Lakini hili la "pa Wazungu" ngoja nilishike.

Boma lile Wajerumani walilijenga 1895, wakati Mikindani ndiyo ilikuwa kitovu cha utawala wao huku kusini. Mawe yake ni matumbawe ya bahari hii hii, na chokaa ni ya kuchoma kama tunayoijua. Utawala ukapita kwa Waingereza, ukaja kwetu, na jengo likachakaa. Miaka ya 1990 shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, likalikarabati na kuligeuza hoteli, na vijana wa pale wakafundishwa kazi za hoteli. Kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa atakayewapokea begi ni mtu mnayefahamiana naye sokoni. Mwambie mumeo hivyo, labda ndilo atakaloliogopa zaidi.

Mwambie na hili. Unajua kwa nini Mikindani ina nyumba za kale na Mtwara mjini hazipo? Baada ya vita kuu ya pili Waingereza walitaka kulima karanga Nachingwea, wakahitaji bandari ya meli kubwa na reli ya kufikia huko. Ghuba ya Mikindani ni nzuri kwa majahazi, meli kubwa haziiwezi. Bandari ikaenda Mtwara, na ofisi na wafanyabiashara wakaifuata. Karanga zenyewe hazikustawi, na reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mikindani ikaachwa na baraza zake, milango yake ya nakshi na roshani zake za mbao. Mji uliokosa hela za kujenga upya ndio uliobaki na vya kale. Mkilala Boma usiku mmoja mtakuwa mmelala ndani ya hadithi hiyo, na hoteli ya bei hiyo hiyo mjini haiwezi kuwauzia.

Sasa ya kutenda. Piga simu kabla, wala usiende kubahatisha. Uliza bei ya Mtanzania, kwa kuwa hoteli nyingi zina bei mbili na hawakutajii ya chini usipouliza. Beba kitambulisho. Uliza kama chai ya asubuhi imo ndani ya bei. Omba chumba cha juu kinachopata upepo, hasa mkienda msimu wa kaskazi ambapo joto la Mikindani halina huruma. Mkienda kwenye kusi, Juni mpaka Agosti, utalala na shuka juu, na mumeo atasahau habari ya wazimu.

Msifike usiku mkalala mkaondoka, mtakuwa mmetupa hela kweli. Fikeni kama saa tisa alasiri. Wekeni begi, mshuke kwa miguu mpaka mjini: tazameni jengo linaloonyeshwa kuwa soko la watumwa, piteni ilipo kumbukumbu ya Livingstone, aliyeanzia Mikindani safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Kisha mrudi mpande mnara wa Boma jua likiwa linatua, ghuba yote mnaiona. Watoto waachieni bibi yao.

Na kuhusu kuangaliwa: nilipokuwa mapokezi, hoteli ambayo siitaji, tulikuwa na mwenzetu aliyemtazama mgeni miguuni kabla hajamwitikia salamu. Kandambili, bei inapanda au vyumba "vimejaa". Watu wa aina hiyo wapo bado. Dawa yake ni kuwa umeshapiga simu na jina lako limo kitabuni. Ukifika unalitaja jina, basi. Na kama hela ya kulala haipatikani mwezi huo, nendeni mle chakula cha mchana na kukaa uani mpaka jioni. Mlango ule ule, na hakuna wa kuwauliza mmepoteaje.

Bibi, nimesikia majengo ya Wajerumani yana majini. Mjomba alilala gesti ya zamani Lindi, akasikia mtu anatembea juu ya dari usiku kucha. Ni kweli? – Muoga, Nachingwea

Popo, mwanangu. Kama si popo ni kenge, na kama si kenge ni boriti. Nyumba ya mawe hushika joto mchana kutwa. Usiku ikipoa, mbao na bati navyo vinajikunja, vinalia *ka, ka, ka* mmoja baada ya mwingine, na ukiwa peke yako na umeme umekatika utaapa hizo ni nyayo. Nimepanda dari za namna hiyo na tochi, nilichokikuta ni kinyesi cha popo. Soma dua zako ulale.

Ila nikupe cha kucheka. Uingereza hoteli kongwe huwatangaza mizimu wao kwenye vipeperushi, na wageni huomba chumba chenye mzimu. Huku kwetu ukisema chumba namba nne kina jini umefunga biashara.

Assalaam alaykum Bibi. Mimi ni mwalimu mstaafu, Lindi mjini. Binti yangu ni muuguzi Uingereza, amenialika mwezi wa sita, na kwa mapenzi yake amenilipia siku mbili katika hoteli ya kale iitwayo Mermaid, mji wa Rye. Nimeuliza, nikaambiwa ni baa ya zamani yenye vyumba juu. Mimi ni mtu wa msikiti. Sitaki kumvunja moyo mtoto, wala sitaki kujivunjia heshima. Nifanyeje? – Mwalimu, Lindi

Waalaykum salaam, Mwalimu. La halali na haramu kamuulize sheikh wako, mimi si mtu wa fatwa. Nitakueleza nyumba yenyewe ilivyo, umwombe yeye hukumu ukiwa na habari kamili.

Baa kongwe za Waingereza, ambazo wao huziita pabu, nyingi zilianza kama nyumba za wasafiri. Zamani msafiri alikuja na farasi, akahitaji uji wa moto, zizi na godoro, na pombe ikiwamo. Ndiyo maana nyingi zina lango pana la kupitisha gari la farasi mpaka uani. Na kila moja ina kibao chenye picha mlangoni, simba, taji, nguva na kadhalika: mwaka 1393 Mfalme Richard wa Pili aliamuru wenye nyumba za pombe waweke alama nje ili wakaguzi wazijue. Mpaka leo mzee wa kijiji huenda pale kukaa, kuzungumza habari za mvua na mpira, akirudi amekunywa soda moja. Ni baraza la kijiji lenye paa na moto, tofauti yake na letu ni kinachouzwa kaunta. Ukiagiza chai au maji ya matunda hakuna atakayegeuka kukutazama.

Mermaid ni kongwe hasa. Ghala lake la chini ya ardhi ni la 1156, na jengo la juu lilijengwa upya 1420. Karne ya 18 genge la magendo la Hawkhurst lilikuwa likikaa mle na bastola mezani waziwazi. Na Rye yenyewe utaipenda, wewe mtu wa Lindi: ilikuwa bandari, matope yakajaa, bahari ikajiondokea, na mji ukabaki juu ya kilima na vijia vyake vya mawe bila wa kuuvunja. Soma nilichomwandikia Mama wa Ligula hapo juu, ni yale yale.

Sasa mambo madogo yanayoweza kukuaibisha. Mwambie binti aombe chumba cha mbali na kaunta, na aulize kama kuna njia ya kupanda bila kupita katikati ya wanywaji. Aulize ngazi pia, Mwalimu, magoti yetu tunayajua. Majengo ya namna ile yamesajiliwa kisheria, mwenyewe hawezi kuvunja ukuta aweke lifti apendavyo. Sakafu zimepinda na boriti za mwaloni ziko chini, inama mlangoni.

Kwenye pabu za kawaida hutaletewa huduma ukae tu. Unakwenda kaunta mwenyewe, unaagiza, unalipa hapo hapo, na kama ni chakula unataja namba ya meza yako, kwa hiyo itazame kabla hujainuka. Foleni haionekani lakini ipo: kila mtu anajua nani kamtangulia, na ukiruka zamu hawatasema neno, watakutazama tu, na hilo ni baya kuliko matusi. Jiko hufungwa mapema, pengi saa tatu usiku. Hapo ndipo penye kazi, maana mwezi wa sita kusini mwa Uingereza jua linatua baada ya saa tatu usiku. Ukisubiri Magharibi ndipo ule, utalala na biskuti. Kula kwanza. Kwa desturi saa tano au karibu yake hupigwa kengele: ni ya kuwaambia wanywaji waagize mara ya mwisho, usishtuke ukiwa kitandani.

Asubuhi uwe macho. Sahani yao kamili ina nyama ya nguruwe, soseji ambazo mara nyingi ni za nguruwe, na kipande cheusi cha mviringo kilichotengenezwa kwa damu. Hicho usikionje hata kwa heshima. Omba mayai, uyoga, nyanya, maharage na mkate, na useme visikaangwe kwenye kikaango kimoja na nyama. Hawakasiriki, wamezoea kuulizwa na walaji wa mboga kila siku. Vyumbani huwa wanaweka birika la umeme na majani ya chai. Tembea na tangawizi yako ya unga, chai yao ni nyepesi mno.

Na kibla: Lindi na Makka ziko karibu kwenye longitudo moja, kwa hiyo umezoea kuelekea kaskazini moja kwa moja. Kule ni kusini-mashariki. Chukua dira ndogo, kwa sababu katika vyumba vilivyopinda vile hata dirisha halikuambii kitu.

Habari Bibi. Tunatoka Dar kwa gari binafsi. Zaidi ya Mikindani, wapi tulale kwenye jengo la kihistoria njiani? – Wasafiri, Tabata

Kulala ndani yake, pagumu. Lakini laleni Kilwa Masoko kwenye loji yoyote safi, asubuhi mkate kibali pale pale Masoko na mvuke kwa boti kwenda Kisiwani, kwenye magofu yaliyomo katika Urithi wa Dunia tangu 1981. Kilwa Kivinje mpitie, majumba ya kale yapo ila mengi ni magofu. Boma la Lindi nalo ni la kutazama ukiwa umesimama. Nguvu za kulala ziwekeni Mikindani.

Bibi, babu ametuachia nyumba ya mawe Mikindani. Tunataka kuifanya ya wageni. Fundi anasema tuipige plasta ya saruji yote ndani na nje iwe ya kisasa. Ushauri? – Wajukuu

Mwambieni fundi ashuke ngazi kwanza.

Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu wa ardhini pamoja na chumvi, kisha huutoa kwa kupumua. Chokaa inauruhusu. Saruji inauziba, unyevu unabaki ndani, chumvi inaisukuma plasta kutoka nyuma, na baada ya misimu michache ya mvua inabanduka vipande vizima, inaondoka na uso wa jiwe. Nimefanya kazi kwenye nyumba iliyofanyiwa hivyo, magodoro yalinuka ukungu na hakuna sabuni iliyoyasaidia. Tafuteni fundi mzee anayejua kuchanganya chokaa na mchanga, na chokaa iliyolowekwa muda mrefu.

Boriti za mikoko zikaguliwe mwisho zinapoingia ukutani, hapo ndipo mchwa na uozo huanzia. Vyumba msivipanue: wembamba wake unatokana na urefu wa boriti, na ukuta mnaotaka kuuondoa ndio umebeba dari. Mikoko mipya haikatwi bila kibali. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda yenyewe majengo ya kabla ya 1863, na yaliyojengwa baadaye yanaweza kutangazwa kuwa ya kulindwa, kwa hiyo pitieni idara hiyo na Manispaa kabla ya nyundo ya kwanza.

Halafu chooni na bafuni wekeni maji ya uhakika kabla ya kununua hata pazia moja. Mgeni atasamehe ukuta uliopinda, lakini ndoo tupu ataisimulia mpaka Dar.